Alexandre Dumas, mwandishi bila patro: mashamba matatu, mteremko mmoja

Sisi wenye lisansi tuko na shauri moja tunalopeana kila siku: usitegemee kazi moja. Leta haiajiri, ONG zinafunga miradi, basi fuata Artikle 15, shika vitu vitatu au vine kwa pamoja, kimoja kikianguka kingine kitakusimamisha. Mimi nimesoma agronomia, na kwetu hilo shauri lina jina: kilimo cha mseto. Usipande maharagi peke yake. Changanya na mahindi, ongeza muhogo.

Leo nataka tuangalie mtu aliyefanya hivyo karibu miaka 200 iliyopita, tena kwa kalamu. Alexandre Dumas tulimkuta kwenye sekondari, kwenye somo la Kifaransa, na wengi tunakumbuka d'Artagnan na panga zake. Walimu walitupa hadithi zake, lakini hawakutuonyesha alikuwa anakula namna gani. Kwa miaka zaidi ya 40 aliishi kwa kuandika: michezo ya tiyatre, riwaya, magazeti, safari, hata kitabu kikubwa cha upishi. Hakuwa na mshahara wa mwezi. Aliingiza makuta mingi sana, na alikufa hana kitu. Kuko watu wanasema ni juu alikuwa mtu wa anasa. Hiyo ni kweli, ila haitoshi kueleza.

Mtoto wa jenerali bila pansyo

Dumas alizaliwa mwaka 1802 Villers-Cotterêts, mji mdogo kaskazini mwa Paris. Nyanya yake mzaa baba, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa Mwafrika kwenye kisiwa cha Saint-Domingue, nchi tunayoiita leo Haiti. Baba yake, Thomas-Alexandre, alizaliwa kule, akafika Ufaransa, akapanda katika jeshi la Mapinduzi mpaka cheo cha jenerali. Wakati wa kurudi kutoka Misri alikamatwa Italia, akafungwa miaka miwili, akatoka mgonjwa. Alikufa mwaka 1806, mtoto akiwa na miaka tatu na nusu. Napoleon alikuwa amegombana naye, na mjane hakupata pansyo. Mama huyo aliishia kuuza tumbako kwenye butike.

Kijana hakusoma sana. Alifanya kazi ndogo kwa notere, na mwaka 1823 akaenda Paris kutafuta maisha. Alimwendea jenerali Foy, mtu aliyemjua baba yake, amsaidie kupata kazi. Foy alimuuliza anajua nini: hesabu? sheria? Kila mara jibu lilikuwa hapana. Ila alipoandika anwani yake kwenye karatasi, Foy aliona mwandiko mzuri. Kwa ule mwandiko akaingia kwenye biro ya duc d'Orléans kama karani wa kunakili barua, faranga 1,200 kwa mwaka. Mchana alinakili za watu, usiku alisoma na kuandika zake.

Shamba la kwanza: tiyatre

Februari 1829 mchezo wake Henri III et sa cour ulichezwa Comédie-Française, na watu walijaa. Miaka miwili nyuma yake ukaja Antony, na mji mzima ukauzungumzia. Patro wake wa zamani, duc d'Orléans, alikuwa ameshakuwa mfalme Louis-Philippe mwaka 1830. Wengine wangeng'ang'ania biro ya mfalme. Dumas aliiacha.

Hesabu yake inaeleweka. Kwenye tiyatre mwandishi hakulipwa mara moja tu. Alikuwa na sehemu yake katika mapato ya kila usiku. Mchezo ukipendwa, unalala na makuta yanaingia. Usipopendwa, wiki moja na jina lako linatolewa ukutani.

Mapema ile kazi ilionyesha pia ugumu wake. Mwaka 1832 mkurugenzi wa tiyatre moja alikuwa na mchezo wa kijana aitwaye Frédéric Gaillardet. Wazo lilikuwa zuri, maandishi hayakusimama. Akampa Dumas aandike upya. La Tour de Nesle ikawa mojawapo ya michezo iliyopendwa kupita yote ya ile miaka. Tangazo lilibeba jina la Gaillardet na nyota pembeni, na Paris nzima ilijua nyota ni nani. Hawa wawili waligombana juu ya mwenye mchezo mpaka wakapigana kwa bastola mwaka 1834. Hakuna aliyekufa. Lakini swali la nani ameandika nini lilibaki wazi, na lilimfuata Dumas maisha yake yote.

Shamba la pili: gazeti

Mwaka 1836 kitu kikubwa kilibadilika Paris. Émile de Girardin alianzisha gazeti La Presse, na siku ileile ikatoka Le Siècle. Magazeti mengine yaliomba faranga 80 kwa mwaka. Haya mawili yaliomba 40. Pengo lilipashwa kujazwa na matangazo ya biashara, na mfanyabiashara hatangazi kwenye gazeti lisilo na wasomaji wengi. Msomaji naye alihitaji sababu ya kufungua gazeti kila asubuhi.

Sababu ikawa feyetoni: riwaya inayokatwa vipande, kila siku kipande chini ya ukurasa, na kila kipande kinakatika pale unapotaka kujua zaidi. Waandishi wengi wakubwa walijaribu, Balzac pia. Dumas alikuwa na faida moja juu yao: alitoka kwenye tiyatre. Alijua kumfungia mtu pazia usoni ili arudi. Alijua pia kufanya watu wazungumze kwa maneno mafupi, na pale ambapo mwandishi analipwa kwa mstari, "Wewe?" na "Mimi!" ni mistari miwili.

Mwaka 1844 peke yake unashangaza. Machi mpaka Julai, Les Trois Mousquetaires kwenye Le Siècle. Agosti, Le Comte de Monte-Cristo inaanza kwenye Journal des débats. Mwisho wa mwaka, La Reine Margot kwenye La Presse. Magazeti matatu tofauti, mtu mmoja.

Shamba la tatu: kitabu

Feyetoni ikiisha, hadithi inakwenda kwa mchapishaji na kutoka kama kitabu. Kitabu kikishajulikana, kinarudi kwenye tiyatre. La Reine Margot ilitoka kwanza kwenye gazeti, ikawa kitabu, na Februari 1847 ikafungua tiyatre mpya ambayo Dumas mwenyewe aliianzisha, Théâtre-Historique. Mavuno moja, soko tatu.

Tunapoona mtu anafanya tiyatre, gazeti na vitabu tunamwita mtu wa kutangatanga. Dumas hakutangatanga. Alikuwa na ufundi mmoja, kumshika msomaji mpaka kesho, na aliuuza kwenye meza tatu. Hapo wengi wetu tunakosana naye: tunafanya vitu vine ambavyo havisaidiani, kila kimoja tunakianza kutoka sifuri.

Mtu wa pili ndani ya chumba

Mtu mmoja hawezi kulisha magazeti matatu, na Dumas hakuwa peke yake. Wa maana zaidi kati ya wasaidizi wake alikuwa Auguste Maquet, kijana mwalimu wa historia aliyependa kuandika. Maquet alichimba vitabu vya zamani, akapanga mtiririko wa matukio, akaandika rasimu. Dumas aliichukua, akaibadilisha, akaweka mazungumzo na ule mwendo wa haraka. Hawa wawili walifanya pamoja Mousquetaires, Monte-Cristo, La Reine Margot na zingine nyingi. Jina lililotoka gazetini ni moja. Gazeti lilinunua jina Dumas. Jina Maquet halikuuza.

Mwaka 1845 mtu aliyejiita Eugène de Mirecourt alitoa kijitabu akisema Dumas ni kiwanda cha riwaya na kwamba wasaidizi wake ni watumwa. Swali la wasaidizi lilikuwa la haki. Lakini Mirecourt hakuishia hapo: aliongeza matusi ya rangi, akimchora Dumas kama mtu wa porini aliyevaa nguo za kizungu. Dumas alimpeleka tribinali, na Mirecourt akafungwa siku 15.

Sisi Wakongo tunaweza kushangilia na kupita. Tungoje kidogo. Ili kujikinga, Dumas alimwomba Maquet barua. Machi 1845 Maquet akaandika kwamba amelipwa vizuri, na kwamba anaacha haki zake juu ya zile kazi walizofanya pamoja. Alikuwa na miaka 31. Labda aliona ni fadhili kwa rafiki anayetukanwa.

Mwaka wa kilele

Mwaka 1847 Dumas alikuwa juu kabisa. Karibu na Paris, Port-Marly, alijenga nyumba kubwa aliyoiita Monte-Cristo, na pembeni yake kijumba cha kuandikia. Katika julai alifanya sherehe ya kuifungua, na alilisha mamia ya watu. Théâtre-Historique ilijaa.

Lakini mwanzoni mwa mwaka huohuo alikuwa tribinali. Alikuwa amefunga mkataba na La Presse na Le Constitutionnel wa kuwapa mistari kwa maelfu, kisha akasafiri miezi Hispania, Algeria na Tunisia. Magazeti yalimshitaki juu hakuleta mistari. Alijitetea mwenyewe mbele ya majaji, watu wakacheka, na bado alipashwa kuandika zile juzuu. Hapo unaona uhuru wake ulikuwa wa namna gani. Hakuwa na patro mmoja wa kumwamuru asubuhi. Alikuwa na mapatro wengi wenye karatasi mkononi, na kila shamba alilofungua lilianza na deni.

Mwaka 1848: mteremko unaporomoka

Februari 1848 mapinduzi yalipiga Paris, na mfalme akakimbia. Wiki chache mbele, Théâtre-Historique ilikuwa imecheza Monte-Cristo kwa usiku mbili mfululizo, kwa saa mingi, mbele ya watu waliojaa. Sasa barabara zilikuwa na vizuizi na bunduki. Mtu haachi nyumba usiku kwenda kuona mchezo wakati haijulikani kama atarudi. Mapato ya tiyatre yakaanguka. Magazeti yalijaa habari za siasa, na feyetoni ilibanwa. Wanunuzi wa vitabu walificha makuta yao.

Wenzangu wa agronomia wanaona ninapokwenda. Kilimo cha mseto kinakukinga na ugonjwa wa zao moja. Mozaiki inapiga muhogo, maharagi hayajali. Mdudu wa maharagi hasumbui mahindi. Lakini ukiwa umepanda vyote vitatu kwenye mteremko mmoja bila mitaro, na udongo ukateremka usiku wa mvua kubwa, hautachagua zao. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Mashamba matatu ya Dumas yalikaa kwenye mteremko mmoja: watu wa Paris, wakiwa na amani na pesa kidogo mfukoni. Tiyatre iliwategemea wao, gazeti wao, kitabu wao. Akiba haikuwepo, juu kila faranga ilikwenda Port-Marly au kwa wadai. Nyumba ya Monte-Cristo iliuzwa mwaka 1849. Julai 1850 wabunge, walioona feyetoni inaharibu akili za raia, waliweka kodi ya santimu moja kwa kila nakala ya gazeti lenye riwaya. Oktoba ileile Théâtre-Historique ilifungwa. Desemba 1851 Louis-Napoléon alipindua serikali, na Dumas akavuka mpaka kwenda Brussels. Victor Hugo naye alikimbilia hukohuko kwa siasa. Dumas alikimbia siasa kidogo na wadai zaidi.

Kilichomwinua

Hapa ndipo ninampenda. Alikuwa na miaka 49, amefilisika, na akaanza tena. Kule Brussels alimpata Noël Parfait, mbunge wa zamani aliyekuwa mkimbizi, ambaye alinakili maandishi yake na kushika daftari la hesabu. Dumas akaandika kumbukumbu za maisha yake na kuzituma gazetini Paris. Mwaka 1853 alirudi na kuanzisha gazeti lake mwenyewe, Le Mousquetaire, lililoishi mpaka 1857. Kisha akasafiri Urusi na Kaukazi na kuandika juu ya safari. Mwaka 1860 alimfuata Garibaldi Italia, akatumia makuta yake kununua bunduki za mapinduzi, na Napoli akaanzisha gazeti L'Indipendente. Alikaa kule mpaka 1864.

Kila mara, kilichomsimamisha upya ni kile kilichokuwa nje ya ule mteremko wa kwanza: nchi nyingine, wasomaji wengine, maandishi ya aina ambayo hayakuhitaji tiyatre wala taa. Hesabu tu ndiyo iliendelea kumshinda.

Barua ya 1845 inarudi

Dumas alipofilisika, aliacha kumlipa Maquet. Maquet alikwenda tribinali akidai fedha na jina. Hukumu ya 1858 ilimpa fedha, ikamnyima jina. Ile barua aliyoandika mwenyewe miaka 13 mbele ilisimama dhidi yake.

Lakini angalia mwisho wao. Dumas alikufa tarehe 5 Desemba 1870, Puys, karibu na Dieppe, kwa nyumba ya mtoto wake, Wajerumani wakiwa wameivamia nchi. Hakuacha mali. Maquet aliendelea na michezo yake mwenyewe, akaongoza chama cha waandishi wa tiyatre kilichotetea haki zao, akanunua kasri Sainte-Mesme, na akafa kule mwaka 1888. Huyu asiyejulikana alikufa kwenye kasri yake. Huyu anayejulikana alikufa kwa kitanda cha mtoto. Mwaka 2002 Ufaransa ilihamisha mabaki ya Dumas mpaka Panthéon, akalazwa na wakubwa wa taifa, mjukuu wa mtumwa wa Saint-Domingue. Maquet hakuhamishwa.

Nani alishinda? Mimi sioni mshindi. Mmoja alikuwa na jina bila daftari, mwingine alikuwa na daftari bila jina. Walipokuwa pamoja, wakiwa na vyote viwili, walitoa vitabu ambavyo dunia nzima bado inasoma.

Kwa nini ninayaleta haya hapa

Juu wengi wetu leo ni akina Maquet. Tunaandika ripoti za miradi, tunafanya ankete vijijini, tunaandika makala na matangazo ya redio, hata TFC na memwari za watu wenye pesa kupita sisi. Mimi nimeshaona ripoti juu ya mbegu niliyoiandika kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho ikitoka na jina la mtu ambaye hakuwahi kukanyaga lile shamba. Nililipwa, ndiyo. Lakini mwaka uliofuata, walipotafuta mtu wa kazi kama ile, walitafuta lile jina.

TFC ya kuuza nasema wazi ni udanganyifu, na inaharibu diplome za sisi wote. Lakini ripoti, makala, kitabu, sinario, hizo ni kazi halali, na hapo kila mtu ajiulize mambo matatu kabla ya kuanza.

Kwanza: hizi kazi zangu tatu au nne, ni ufundi mmoja unaouzwa mahali mbalimbali, au ni vitu visivyojuana? Mwenzetu mmoja anapiga picha za harusi, anaandikia redio ya mtaa na anatafsiri vipeperushi vya afya kwa Kiswahili. Ukiangalia, kazi yake ni moja: kueleza watu jambo wakalielewa. Huyo anajenga.

Pili: kazi zangu zote zinakunywa kwenye mto gani? Kama makala, ankete na tafsiri zote zinalipwa na ONG, basi uko na kazi moja yenye majina matatu. Siku wafadhili wanaondoka, zinaondoka pamoja, kama tulivyoona. Tafuta hata kitu kidogo ambacho wanunuzi wake ni wengine kabisa: wazazi, wakulima, wafanyabiashara wa soko, Wakongo walio nje.

Tatu: jina langu liko wapi kwenye karatasi? Si lazima liwe juu. Linaweza kuwa ndani, kwenye shukrani, kwenye mstari mmoja unaosema nani alikusanya na nani aliandika. Liombe mbele ya kazi, wakati bado wanakuhitaji. Wakikataa, basi bei ipande, na uweke rasimu zako na tarehe zake. Na mtu akikuomba uandike barua ya kuacha haki zako, hata akiwa rafiki yako na hata akiwa na shida ya kweli, lala nayo usiku mmoja kabla ya kutia sahihi.